Mfadhili Akiondoka, Moyo wa Kazi Ubaki

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa hapa kama yalivyosomwa.)



Leo nataka tuzungumze habari za watu ambao hapa mjini tunapishana nao kila siku, lakini ni mara chache tunawafikiria. Ni wafanyakazi wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Namsema yule dada anayepita nyumba kwa nyumba kule Mbagala au Manzese, mfuko begani, akiuliza kama mgonjwa amemeza dawa. Namsema yule kijana anayewafundisha kusoma watoto wanaolala barazani mwa maduka. Namsema yule msaidizi wa kisheria anayemwandikia mjane barua ya kudai kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe.

Kwa muda mrefu tumezoea kuwaita "watu wa NGO", na kwa wengi wetu jina hilo lilikuwa na maana ya gari kubwa jeupe, semina hotelini na posho nono. Wapo waliokuwa hivyo, sikatai. Lakini walio wengi hawakuwa na gari wala hoteli. Walipanda daladala kama mimi na wewe, wakalipwa mshahara wa kawaida kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila Desemba wakakaa roho juu wakisubiri kuambiwa kama mradi utaendelea.

Ndipo ukaja mwaka 2025. Tarehe 20 Januari mwaka huo, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Hazikupita siku nyingi, barua za kusimamisha kazi zikaanza kufika. Tarehe 10 Machi Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Na ilipofika tarehe 1 Julai 2025, shirika hilo lililoanzishwa mwaka 1961 likafungwa, na miradi iliyosalia ikahamishiwa katika wizara hiyo. Uingereza nayo, mwezi Februari mwaka huohuo, ilitangaza kwamba itateremsha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027.

Habari za waliopoteza kazi zimesemwa sana, na ni haki zisemwe. Mimi leo nataka kuwasemea waliobaki. Kila shirika lililonusurika lina watu wake waliobaki: walikuwa kumi, sasa ni wanne, meza sita ziko tupu, na simu za wale walioondoka bado zinaita, maana wananchi hawajui kwamba mwenye simu hayupo. Hawa waliobaki wamepunguziwa mshahara, wameongezewa kazi, na kila asubuhi wanajiuliza kama zamu yao ya kuondoka imefika. Je, kiongozi wa shirika afanye nini ili watu kama hawa waendelee kufanya kazi kwa moyo?

Huenda msikilizaji mmoja akasema, "Hayo ni mambo ya ofisi zao, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu. Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hatakiwi kukatiza. Akikatiza, virusi huongezeka tena mwilini, na vinaweza kuzoea dawa hata isimsaidie tena. Mara nyingi kinachomzuia asikatize ni yule dada wa mfuko begani, anayegonga mlango na kusema, "Mama, leo umemeza?" Siku dada yule akikata tamaa, mama hatapata taarifa yoyote. Ataona tu kwamba mlango haugongwi.

Basi tuanze na swali lenyewe: mtu hufanya kazi kwa moyo kwa sababu gani? Mwaka 1959 mtaalamu mmoja wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walitoa kitabu kilichotokana na mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa mji wa Pittsburgh. Waliwauliza: lini uliipenda sana kazi yako, na lini uliichukia? Majibu yakagawanyika mafungu mawili. Walipoeleza walichochukia, walitaja utaratibu mbaya wa ofisi, usimamizi mbovu, mshahara na mazingira ya kazi. Walipoeleza walichopenda, walitaja kazi iliyofanikiwa, kutambuliwa kwa walichofanya, kukabidhiwa dhamana, na utamu wa kazi yenyewe. Herzberg akahitimisha kwamba mambo ya fungu la kwanza yakiharibika mtu hukasirika, lakini hata yakitengenezwa hayatoshi kumpa ari. Ari hutoka katika fungu la pili.

Wapo wataalamu waliompinga, na mimi naongeza tahadhari ya kwetu. Wahandisi wale wa Pittsburgh hawakuwa wakiwaza nauli ya kesho. Hapa kwetu wahenga walikwisha kusema kwamba mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo mkurugenzi asije akasoma maneno ya Herzberg akadhani amepata ruhusa ya kuwalipa watu kwa hotuba. Ukimwambia mtu mwenye watoto watatu kwamba kazi yake ni wito, na huku hujamlipa miezi miwili, atakuitikia kwa heshima, lakini jioni ataandika barua ya kuomba kazi kwingine. Na atakuwa na haki.

Hata hivyo, ndani ya maneno yale kuna jambo kubwa. Shirika lililopungukiwa fedha haliwezi kuongeza mshahara, lakini linaweza kuacha kuwaudhi watu bure. Na linaweza kuwapa yale ya fungu la pili ambayo hayanunuliwi dukani. Kwa maoni yangu yako mambo matano.

La kwanza ni kusema kweli, na kuisema mapema. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mfanyakazi katika asasi moja ambayo sitaitaja. Mfadhili aliwaandikia wakubwa mwezi Machi kwamba fedha zinakoma. Sisi tulikuja kujua mwezi Juni, na hatukujua kutoka kwa mkurugenzi. Tulijua kutoka kwa dereva, kwa sababu ndiye aliyetumwa kupeleka gari likathaminiwe liuzwe. Miezi ile mitatu ofisi nzima ilikuwa ya minong'ono. Milango ikifungwa tunahesabu nani yuko ndani. Mhasibu akitoka uso umekunjamana, tunasema tayari. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mhasibu mwenyewe, aliyekuwa hodari kuliko sisi sote, akaondoka mapema kwa sababu alikuwa na pa kwenda. Tukabaki tusio na pa kwenda, na hasira juu.

Najua viongozi watajibu: "Tukiwaambia kweli, watakimbia." Wachache watakimbia, ni kweli. Lakini uvumi huwakimbiza wengi zaidi, na huwakimbiza wazuri kwanza, maana ndio wanaotafutwa na waajiri wengine. Mtu aliyeambiwa kwamba fedha zilizopo zinatosha miezi mitano anaweza kujipanga. Atahamia chumba cha kodi nafuu, ataongea na mkuu wa shule kuhusu ada, kisha atarudi kazini akili ikiwa imetulia. Mtu asiyeambiwa kitu hujipangia mabaya kuliko yaliyopo. Kwa hiyo kila mwezi, siku ileile, watu wote waitwe, kuanzia mhudumu wa usafi hadi mkurugenzi, waambiwe: zilizopo benki ni kiasi hiki, matumizi ya mwezi ni kiasi hiki, maombi tuliyopeleka kwa wafadhili ni haya na haya. Hayo hayahitaji bajeti.

Lakini kweli iwe kweli, isiwe ahadi. Wasikilizaji wenye umri wangu watakumbuka kwamba baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Tukafunga. Miezi 18 ikapita, na foleni za sabuni na sukari zikaendelea, na ugali wa yanga tukaula miaka iliyofuata. Uchumi wa dunia haukusubiri kalenda yetu; bei ya mafuta ilikuwa imepanda na akiba ya fedha za kigeni imekauka. Nasema haya kwa sababu ya fundisho lake. Watu huvumilia dhiki ndefu kuliko tunavyodhani. Kinachowachosha ni kutajiwa tarehe ya mwisho, ikafika, ikapita. Kama hujui mwisho, sema lini utakuwa na habari nyingine, basi.

La pili ni kuanza kukata juu. Tuchukue mfano wa kubuni, tuupigie hesabu. Asasi ina watu tisa. Mkurugenzi analipwa shilingi 2,500,000 kwa mwezi, mhasibu 1,300,000, waratibu wawili 1,000,000 kila mmoja, na wahudumu watano wa mitaani 440,000 kila mmoja. Jumla ni shilingi 8,000,000. Fedha zimepungua, inabidi kuokoa 1,600,000 kila mwezi, yaani asilimia 20. Wengi hukimbilia njia inayoonekana ya haki: kila mtu akatwe asilimia 20. Lakini mhudumu akikatwa hivyo anabaki na 352,000. Zile 88,000 alizopoteza ni nauli yake na chakula cha mchana. Mkurugenzi aliyepoteza 500,000 ataumia, lakini kesho yake bado atafika kazini.

Sasa tazama njia nyingine. Mkurugenzi akatwe asilimia 35, ambazo ni shilingi 875,000. Mhasibu akatwe asilimia 25, ambazo ni 325,000. Waratibu wakatwe asilimia 20, ambazo kwa wote wawili ni 400,000. Jumlisha: ni 1,600,000 kamili, na hakuna mhudumu aliyeguswa. Mkurugenzi bado anapata zaidi ya mtu yeyote ofisini. Lakini siku atakapoomba watu wajitolee Jumamosi moja, wataangaliana, watasema, "Mzee ametangulia," na watakuja. Angalizo ni kwamba hata hayo hayafanywi kwa tangazo la kubandikwa ukutani. Mshahara ni sehemu ya mkataba. Kila anayehusika ashauriwe, akubali, na aandikiwe. Na kabla ya mishahara yatazamwe mengine: posho za vikao vya bodi, simu za wakubwa, ofisi ya ghorofani ambayo ingeweza kuwa chumba kimoja uani. Mimi mwenyewe ni mjumbe wa bodi ya asasi ndogo, na naamini kwamba bodi inayoendelea kuchukua posho ya kikao cha kujadili kupunguza wafanyakazi haina la kuwaambia wafanyakazi hao.

La tatu ni kupunguza kazi pale fedha zinapopungua. Hapa ndipo viongozi wengi hujidanganya. Wanapunguza watu nusu, kisha wanabaki na mitaa ileile, taarifa zilezile na malengo yaleyale, kwa hofu kwamba mfadhili aliyebaki atawaona wazembe. Matokeo yake mhudumu aliyekuwa akitembelea kaya 30 anapewa kaya 70. Wiki mbili anajitahidi. Wiki ya tatu anaanza kujaza fomu bila kufika. Hakuwa mwongo alipoajiriwa. Tumemfundisha uongo kwa kumpa kazi isiyowezekana. Ni afadhali shirika liseme waziwazi: tulikuwa mitaa sita, sasa tutakuwa miwili, na hiyo miwili tutaifanya sawasawa. Ile minne tuikabidhi kwa zahanati, kwa serikali ya mtaa, au kwa asasi nyingine, na tuwaambie wananchi wake. Mfanyakazi anayemaliza kazi yake jioni na kuona imekamilika hulala na amani, hata kama mshahara ni mdogo.

La nne ni kumwonyesha mtu matunda ya kazi yake na kumkabidhi dhamana. Katika mashirika mengi taarifa huenda juu, kwa mfadhili, na hazirudi chini. Mhudumu huandika kila mwezi amefika nyumba ngapi, lakini hakuna anayemwambia kwamba kati ya wagonjwa wake walioacha dawa, hawa wamerudi kliniki. Huo ni upotevu mkubwa, na kuurekebisha hakuhitaji hata senti. Mkutano wa Ijumaa uanze na mtu mmoja akieleza jambo moja lililofanikiwa juma hilo: mjane kapata hati yake, mtoto kaandikishwa darasa la kwanza. Asitajwe jina mwenye shida, kuna siri za watu, lakini jambo lenyewe lisemwe na aliyelifanya apongezwe kwa jina. Tena, pale meza sita zilipobaki tupu, baadhi ya dhamana zilizokuwa juu yake wapewe wadogo, pamoja na uwezo wa kuamua. Msaidizi wa hesabu afundishwe kuandika bajeti ya maombi. Mhudumu aongozane na mkurugenzi kwenda kuonana na mfadhili, maana ndiye anayeijua mitaa. Huo ni ujuzi atakaobaki nao hata shirika likifa, na yeye anajua hivyo.

La tano, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni namna ya kuwaaga wanaoondoka. Waliobaki wanatazama. Kila mmoja anajisemea: leo yeye, kesho mimi, na atakavyotendewa ndivyo nitakavyotendewa. Hapa Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka utaratibu: mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nao au na chama chao juu ya njia za kuepuka hatua hiyo na juu ya nani aondoke. Iliweka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka kumi. Hiyo ni haki, si zawadi, na shirika linalotetea haki za wajane haliwezi kuzikanyaga haki za mhasibu wake.

Na yako mambo mengine. Michango ya NSSF iwe imepelekwa yote. Ni aibu kubwa mtu kwenda kudai fao la kukosa ajira akaambiwa mwajiri wake alikuwa akimkata na hapeleki. Barua ya kumtambulisha kwa waajiri wengine iandikwe kabla hajaiomba. Wafanyakazi wakae naye, wale naye walau chai na maandazi, amshukuriwe mbele ya wote. Mtu aliyeagwa hivyo hupita mitaani akilisema shirika vizuri. Zikirudi fedha, atarudi.

Ndugu wasikilizaji, nimewasema viongozi vya kutosha. Nina neno dogo kwa wafanyakazi wenyewe. Kuvunjika moyo si dhambi, na kutafuta kazi nyingine si usaliti. Lakini maadamu uko, uwe upo. Mama wa Mbagala hakuifuta bajeti ile. Na yule anayeona kwamba amechoka kiasi kwamba anaweka alama nyumba asizofika, ni heri aseme, apunguziwe au aondoke kwa heshima, kuliko kumwacha mgonjwa akihesabiwa kwamba anatunzwa na kumbe hatunzwi.

Mwisho ni sisi wananchi wa mijini, tunaonunua magazeti na kusikiliza redio. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Harusi moja hapa Dar es Salaam tunaichangia kwa kadi, kwa vikao vya kamati na kwa ujumbe wa simu mpaka mamilioni yanatimia, na hakuna mfadhili kutoka nje anayetusaidia. Uwezo wa kuchanga tunao, na mazoea tunayo. Siamini kwamba michango yetu itaziba pengo lote lililoachwa mwaka 2025. Pengo ni kubwa, na serikali ina wajibu wake katika afya za watu wake. Lakini mtaa mmoja kumlipia nauli ya mwezi mhudumu mmoja anayewapitia wagonjwa wao, hilo haliwezi kutushinda. Nauli ile itamfikisha anakokwenda, na zaidi ya hapo itamjulisha kwamba kazi yake imeonekana, na imeonekana na walewale anaowafanyia. Ujumbe huo ndio ambao hakuna mfadhili wa mbali aliyeweza kumpelekea.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa tuonane juma lijalo. Kwaherini.